Mjusi wa Kale wa Mahari Yako

Restituta,

Sianzi na "natumaini hujambo", kwa sababu najua hujambo. Nakusikia chumba cha pili ukigombana na zipu ya begi. Wala sikuandikii kwamba sisi huku ni wazima, maana huku ni kwenu bado mpaka kesho asubuhi. Watu wasio na la kusema hujaza ukurasa mzima kwa salamu. Mimi la kusema ninalo.

Ya kuamka kabla ya mume, ya kutochagua kipande cha samaki mbele ya wakwe, ya kuficha akiba kwenye pindo la kanga, hayo shangazi yako ameyamwaga hapa sebuleni wiki nzima, na chai yetu yote ameinywa akiyamwaga. Mwanamke aliyekimbiwa na waume wawili anafundisha ndoa! Nilimsikiliza nikiwa uani nikauma ulimi. Mama yako naye amekufungia blanketi zito, ingawa Kirando hakuna baridi na blanketi hilo litaishia kufunikia dagaa. Mimi sina maelekezo. Naandika kwa sababu tangu ile siku unaniambia "shikamoo, baba" kisha mdomo unafungwa, na hivyo ndivyo unavyomwamkia mwenyekiti wa mtaa. Naandika pia kwa sababu umemwomba mjomba wako akusindikize kanisani Jumamosi. Umefanya sawa. Nilisema mbele ya watu kwamba sikanyagi Kirando, na wewe ulinisikia.

Umekulia chini ya ile rafu yangu, kwa hiyo sina haja ya kukutajia kilichomo. Ila hujawahi kuambiwa ilivyoanza, kwa sababu ilianza kijinga. Nilikuwa nafungua belo la mitumba ya watoto sokoni, wewe hujazaliwa, na ndani ya soksi moja ya sufu nikagusa kitu kigumu. Nilidhani ni sabuni. Kumbe ni mjusi wa kale, wa plastiki ya kijani iliyokwajuka, amesimama kwa miguu miwili na mkia ameukalia kama mzee kwenye kigoda. Tumboni alikuwa na muhuri mdogo wa kiwanda. Wenzangu wakacheka, wakaniambia nimpe mtoto wa kwanza atakayepita. Nikamtia mfukoni. Siku nyingi nilikuwa namgusa humo humo mfukoni huku nikibishana na wateja bei ya suruali, na sina maelezo mengine zaidi ya kwamba nilikuwa na furaha.

Wa pili nilimwua mwenyewe. Alikuja na uchafu wa nchi za watu, nikaona nimchemshe. Nilimtia sufuriani nikafunika, na nilipofunua shingo yake ndefu ilikuwa imelala pembeni na haikuinuka tena. Wa tatu nilimwanika juu ya bati apate jua, akawa mweupe upande mmoja. Ndivyo nilivyojifunza kazi hii, kwa kuharibu. Baada ya hapo niliweza kumjua wa zamani kwa kumnusa, na hapo ndipo nilipoharibika mimi mwenyewe, kwa sababu mtu akishajua jambo ambalo jirani zake wote hawalijui, huanza kuwaangalia jirani zake kwa jicho la pembeni.

Na mimi niliwaangalia. Mwalimu wako mmoja wa shule ya msingi alikuja hapa, akamshika yule chui wa meno marefu kichwa chini miguu juu, akasema, "Mzee, hizi dainosa zako nzuri." Chui! Mnyama wa manyoya, mwenye kunyonyesha, mtu wa chaki anamwita dainosa! Nilimnyang'anya nikamfuta kwa shati. Alikuja kuzungumza habari za maendeleo yako, akaondoka hajazungumza. Nilikuona umesimama mlangoni na daftari lako, na nilidhani unanionea fahari.

Neno hilo la dainosa sijawahi kulitamka. Kila mpuuzi mwenye simu analitamka. Mimi nikachagua langu, mjusi wa kale, na kila aliyekuja nikamlazimisha aseme hivyo. Nilijiona nimekifanyia Kiswahili jambo. Neno ukilitunga mwenyewe unalipenda kuliko linavyostahili, na unasahau kwamba wenzako hawakuwepo ulipolitunga.

Unajua kwa nini siwataki wale wapya wa duka la Mchina. Wale mkia wao uko juu, wamenyooka, wanakimbia, kwa sababu wataalamu wa siku hizi wamegundua kwamba wanyama hao hawakuburuza mkia. Wangu wote wanaburuza. Wote wanene, wote wamekosewa, wametengenezwa na watu waliokuwa na uhakika kabisa. Hilo ndilo lililonipendeza. Nilikuwa nakaa pale jioni na kikombe changu, naangalia rafu nzima ya makosa ya wenye elimu, moyo unatulia. Muuza mitumba wa Sumbawanga hana watu wengi wa kuwadharau. Mimi wangu waliletwa kwa belo.

Mifupa ya kweli nayo je? Bonde la Rukwa liko hapo chini, watu wanatoka mbali kuja kuchimba mifupa ya mijusi walioishi kweli, na mimi na umri huu sijashuka hata siku moja kuitazama. Nilikuwa nasema mifupa haina muhuri tumboni, haifai kukusanywa. Uongo mtupu. Niliogopa kukutana na mtu anayejua kuliko mimi.

Ile Noeli ya ngamia unaikumbuka. Ulikuwa mdogo, umevaa mabawa ya boksi, malaika wa kigango. Katekista alikuwa na ng'ombe wa udongo, kondoo wa udongo, Mamajusi watatu waliopakwa rangi na mtu asiyejua uso wa binadamu, lakini ngamia hana. Ukampelekea mjusi wangu mwingine wa shingo ndefu, aliye mzima. Wakampaka rangi ya kahawia, wakambandika nundu ya udongo mgongoni, wakamweka pangoni mbele ya Mtoto. Watoto wakaanza kuimba, "Mijusi ya Mamajusi, mijusi ya Mamajusi." Nilipomwona sikungoja hata padri avue mavazi. Nilipita katikati ya watu, nikainama, nikamtoa pangoni, Mamajusi wakabaki kwa miguu. Ulinifuata mpaka nyumbani bawa moja limeanguka. Ukasema, "Baba, ngamia hakuna anayemjua hapa. Huyu ndiye aliyefanana." Nikakueleza tofauti ya ngamia na mjusi wa kale kutoka kanisani hadi mlangoni kwetu. Hukuazima kitu rafuni tena, na mimi nikajisifu kwamba nimekufundisha kuheshimu mali ya mtu.

Nakuandikia haya si kwa sababu nimekuwa mtakatifu. Bado yule katekista namwona bwege. Nundu ya udongo juu ya plastiki! Ilinichukua msimu mzima wa mvua kuitoa kwa mswaki.

Lipo na jingine ambalo hulijui. Yule mwenye pembe tatu, ninayemweka mbele kabisa na kumwonyesha mgeni wa kwanza, ni wa uongo. Nilimnunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyetokea Tunduma, ana ulimi mtamu, akaniapia kwamba ametoka kwenye nyumba ya wamisionari wa zamani. Kumbe alimloweka kwenye majani ya chai na kumning'iniza jikoni afukizwe moshi. Mimi, mwenye pua! Miaka mingi nimemhubiri kwa wageni. Siku moja napita kwenye duka la vitu vya plastiki nikamwona ndugu yake ananing'inia kwenye mfuko, mpya, pembe zile zile. Nikarudi nyumbani nimenywea. Mama yako alikuwa anapembua ulezi. Nikamwambia, naye hakuinua hata macho kwenye ungo.

"Nilijua tangu siku ulipomleta," akasema. "Walikuwa wanauza pale karibu na stendi."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa umefurahi, baba Resti."

Nilikasirika sana. Niliona amenidharau. Sikujua kwamba kuna watu wanaweza kujua kitu na wasikitumie kumpiga nacho mwenzao.

Sasa nafika kwenye mahari yako, na hapa itabidi univumilie, kwa sababu wewe ulikuwa jikoni ukasikia mwisho tu.

Walipokuja kukuposa mara ya kwanza walikuwa wawili, mshenga wao na Mzee Kasiano, baba mkubwa wa Gaudensi wako aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Nitasema kweli, nilishawadharau kabla hawajakaa. Watu wa ziwani. Wamevaa makoti ya kuazima kwa sababu ya baridi yetu, wananuka samaki waliotuletea, wanaongea kwa sauti ya watu waliozoea kushindana na injini ya boti. Nilijiuliza wewe, mtoto uliyefundishwa kusoma muhuri wa kiwanda kabla ya kusoma Injili, umekwenda Namanyere kushona nguo ukaona nini kwa fundi wa mashine za boti. Tukazungumza mbuzi, tukazungumza blanketi la bibi na jembe la mjomba, wakakubali kila kitu kwa adabu. Adabu yao ikaniudhi. Mshenga akauliza, "Mkwe wetu, kuna lolote mngependa kuongeza upande wenu?"

Nikasema, "Na mjusi mmoja wa kale."

Rafu ilikuwa nyuma yangu, mama yako ameifunika kitambaa cha kufuma kama kawaida yake akija mgeni.

"Mjusi," akasema Mzee Kasiano.

"Wa kale," nikasema.

"Tumesikia, mkwe."

Walipoondoka mama yako akanifuata uani. "Wale hawakukuelewa."

"Wana midomo. Wangeuliza."

"Watu waliokuja kuomba mke wanauliza nini? Ungewaambia walete mwezi wangekwenda kutafuta ngazi. Tuma mtu akawaeleze."

Sikutuma mtu. Nikakaa na kikombe changu nikacheka peke yangu. Nilitaka wateseke kidogo, halafu warudi waulize, nami nifunue kitambaa niwaeleze. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, Restituta, na kulisema linanitia aibu kuliko mengine yote. Nilitaka waulize. Katika miaka yote hiyo watu waliicheka rafu, waliiogopa, waliisifia vibaya, lakini hakuna hata mmoja aliyevuta kigoda akaniambia, "Hebu nieleze." Nikaona mahari yako ndiyo nafasi yangu.

Ya Kirando nimeyajua baadaye, Gaudensi alimsimulia mama yako. Wazee wao walikaa wakajadili. Mmoja akasema watu wa juu wana mila zao, pengine mjusi ni wa dawa ya nyumba. Mwingine akasema mjusi wa darini haombwi kwenye mahari, lazima awe mkubwa, na mjusi mkubwa ni kenge. Wa kale basi ni kenge mzee. Kijana mwenyewe hakuambiwa, kwa sababu mahari ni mambo ya wazee. Angeambiwa angekupigia simu nawe ungewachekesha wote yakaisha. Wakatafuta kwenye mawe ya ufukweni mpaka wakampata mkongwe, mwenye kovu kichwani. Wavulana walikimbia, Mzee Kasiano akamshika mwenyewe.

Siku waliyorudi unaikumbuka kwa upande wa jikoni. Kwa upande wa sebuleni ilikuwa hivi. Wameleta mbuzi, wameleta blanketi, wameleta jembe, na gunia limefungwa kamba, wamepanda nalo basi kutoka Kirando, Namanyere mpaka hapa, kondakta haambiwi kilichomo. Wakaliweka karibu na jiko la mkaa mlilowawekea wageni waote moto. Mzee Kasiano mkono mmoja umefungwa kitambaa. Mama yako akasema, "Pole na mkono, baba." Akajibu, "Ni jino la mnyama tu, mama, utapona." Mimi nilikuwa naangalia gunia.

Akasema, "Mkwe, mambo mengine mmeyaona. Na lile la mwisho hili hapa." Akafungua.

Kenge alikuwa amezubaa kwa baridi ya njiani, lakini joto la jiko lilishamwingia. Akatoka taratibu, ulimi nje, akazunguka meza, akafika katikati ya sebule yangu, akainuka kwa miguu miwili ya nyuma na mkia akaukalia. Nilicheka, Restituta. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikawaambia hata mtoto wa chekechea asingefanya upumbavu huo. Nikavuta kitambaa rafuni, nikawainua wanyama mmoja mmoja mbele ya macho yao, huyu ndiye mjusi wa kale, huyu si mjusi wa kale ila amekufa zamani, huyu ana manyoya, na nyinyi mmeniletea kitoweo cha mamba! Mshenga akainamisha kichwa. Mzee Kasiano akamtazama yule wangu wa kwanza, wa kwenye soksi, akamtazama kenge aliyesimama pale chini.

"Mbona ndiye huyu huyu, mkwe," akasema, "ila wetu anapumua."

Mama yako akacheka. Nadhani nawe ulicheka, nilisikia kitu kikianguka jikoni. Hapo ndipo kicheko changu kilipoisha na hasira ikaanza. Lile lilikuwa jibu la mtu mwerevu, na mimi sikuwa nimemruhusu awe mwerevu. Nikasema wameidharau nyumba yangu, watoe faini. Nao wakatoa. Waliomba radhi, unasikia? Watu walioniletea nilichokitamka kwa mdomo wangu waliniomba radhi na kutoa faini, mimi nikaipokea. Halafu nikawaeleza habari za mkia, wataalamu wa zamani walivyokosea, jambo refu, chai ikapoa vikombeni. Yule mzee alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Mama yako akamrudisha kenge guniani kwa mti wa ufagio, akaenda kumwachia kule kijitoni nyuma ya mashamba.

Kidonda cha yule mzee kikaoza. Ulipoletewa habari kwamba hospitali wamemkata vidole viwili, ulikuja ukasimama mbele yangu, nami nilikuwa nampangusa vumbi mmojawapo. Nikasema, "Nani alimtuma ashike kenge kwa mkono mtupu?"

Ukasema, "Wewe, baba."

Ukaenda zako. Mimi nina jibu kwa kila mtu, mji mzima unanijua, lakini kwa hilo nimetafuta jibu tangu siku hiyo. Nimejaribu kukudharau: mtoto, anapenda, hajui. Haikushika. Nimejaribu kumdharau Mzee Kasiano: mvuvi gani asiyejua kenge anauma? Nayo haikushika, kwa sababu alijua. Alijua kuliko wewe na mimi, na alimshika kwa ajili yako. Huyo mzee kazi yake ni kushona nyavu, na sijui sasa anazishona vipi.

Ndipo nikasema sikanyagi Kirando. Nikasingizia joto, nikasingizia mbu, nikasema siwezi kulala mahali panaponuka dagaa mpaka kwenye mto. Mjomba wako akaamini, lakini yeye huamini chochote. Wewe hukuamini. Niliogopa kukaa meza moja na ule mkono.

Nina jambo moja tu la kukutakia na si la jikoni. Una ulimi wangu. Mwezi uliopita dada yake Gaudensi alikuja, msichana wa watu, akamwona yule tembo wa manyoya, akauliza, "Huyu amevaa sweta?" Nilikusikia ukimjibu, "Ungesoma ungejua." Alinyamaza mpaka anaondoka. Sauti ilikuwa yako lakini maneno yalikuwa yangu, na mimi nilikuwa chumbani, nikaona vibaya, wakati zamani ningepiga makofi. Unakwenda kuishi na binti yule. Huko ziwani wewe ndiye utakayekuwa hujui: hujui samaki yupi analiwa na yupi anatupwa, hujui upepo, hujui nani haketi karibu na nani. Utalazimika kuuliza mchana kutwa. Nakuombea uwakute watu wasiofanana na baba yako.

Na yule binti akikuuliza tena habari za sweta, mwambie ndiyo, amevaa, huko kwao kulikuwa na baridi kuliko Sumbawanga. Si uongo mkubwa, na wala haumpunguzii tembo kitu.

Rafu sikupi. Usifikiri nimelainika kiasi hicho. Hukuipenda, uliivumilia, na mimi sitaki wanyama wangu wakae kwenye nyumba ya kuvumiliwa. Wataendelea kukaa hapa na mkia wao chini, na nikifa mama yako atawagawa kwa watoto wa mtaa, watawatafuna vichwa. Hiyo ndiyo kazi waliyotengenezewa.

Kesho nakuja. Nimeshamwambia mama yako, akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Nafasi ya mjomba wako sitaigusa. Akusindikize yeye, na lile koti lake linalomfika magotini. Mimi nitakaa benchi la nyuma, joto liniue huko huko. Ila kabla ya kanisa kuna nyumba ya kuingia, na mlangoni atakuwa amesimama yule mzee, kwa sababu ni mtu wa adabu na mimi ni mkwe wake.

Nimetunga maneno ya kumwambia. Nimeyatunga mara nyingi na kila mara yanageuka somo. Nikianza na "nisamehe" nafika kwenye "maana yake hasa ilikuwa", na hapo najisikia nikivuta kitambaa rafuni tena. Kwa hiyo nimeamua sitasema kitu. Nitampa mkono, basi, nimshike mkono ule ule uliokatwa vidole, nisiuruke kana kwamba sijauona.

Ndipo nikagundua nilivyo. Nilikaa na mtu yule chumba kimoja tangu asubuhi hadi walipokwenda kuwahi basi. Namkumbuka kenge, kovu lake, na namna alivyogeuza kichwa. Nakumbuka kila mnyama niliyemwinua mbele ya macho ya yule mzee na kila neno nililosema. Kitambaa cha mkononi nakikumbuka kwa sababu mama yako alimpa pole. Lakini nikifumba macho namwona mzee mzima amekaa kwenye kiti changu, na mikono haina chochote, yote miwili ni sawa, kwa sababu sikuiangalia.

Mama yako siwezi kumwuliza, atalia. Basi kesho, kabla hatujapanda gari, njoo uniambie ni mkono upi.

Baba yako